Jina Lako Halikuwapo Ukutani

Pescara,
21 Novemba 1978.

Kaka yangu mpendwa Sabatino,

Salamu nyingi zikufikie huko Maracaibo, wewe na mkeo Belkis na mtoto wenu. Hujambo? Afya yako ikoje? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepona? Najua kila barua huanza hivi, na mtu huyapita maneno haya kama anayepita mlango wa jirani. Safari hii usiyapite. Nakuuliza kama u mzima kwa sababu nataka jibu, na ukifika mwisho utaona kwa nini siwezi kungoja.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Ovidio bado anaendesha lori kwenda na kurudi Ujerumani, na goti linamuuma. Hataki kwenda kwa daktari kwa kuwa, anavyosema, daktari atamwambia goti ni bovu na hilo analijua bure. Marisa ametimiza miaka kumi na tisa, anasomea ualimu. Ana masikio yako, maskini.

Sasa habari yenyewe. Baba amefariki, Jumatano iliyopita, tarehe kumi na tano. Bi Nunziata wa mlango wa pili aliona bomba la jiko halitoi moshi mpaka saa nne asubuhi, akasukuma mlango. Alimkuta ameketi kitini na kofia kichwani, jiko limezimika. Daktari alisema amekata roho alfajiri. Alikufa peke yake, Sabatino, na mimi niko mwendo wa saa mbili tu kwa basi. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Agosti. Sina la kujitetea.

Ijumaa nilipanda Collespina kumzika, nikarudi siku hiyohiyo. Ovidio alikuwa njiani na lori, na Marisa alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Basi siku hizi hupanda mara tatu kwa wiki, asubuhi, na kushuka saa kumi alasiri. Abiria tulikuwa mimi, mfuko wa barua na kreti la dawa za wazee.

Hutautambua mji. Ulipoondoka tulikuwa watu mia sita na ushee. Nilihesabu mabomba yanayofuka moshi nikapata kumi na moja. Shule imefungwa, kinyozi amehamia Toronto, paka wamekuwa wengi kuliko binadamu. Chemchemi ya uwanjani bado inamwaga maji, ila hakuna anayekinga. Upepo tu ndio uleule, wa kumvua mtu koti akiwa amelifunga vifungo.

Niliposhuka tu nikaiona karatasi ya tanzia, imebandikwa ukutani kando ya kituo. Unajua kwetu mtu hajafa mpaka karatasi yake ibandikwe. Yake ilisema hivi: Berardino Di Cola, miaka 79, amemfuata mkewe mpendwa Loreta, wanaotangaza kwa majonzi ni bintiye Domitilla, mkwewe Ovidio, mjukuu wake Marisa.

Nikaisoma tena. Juu, panapoandikwa waliotangulia, alikuwapo mama peke yake. Chini, panapoandikwa walio hai, tulikuwa sisi watatu. Wewe hukuwapo juu wala chini. Nilidhani pale wamekosea, nikaenda kwenye ukuta wa kanisa, kisha penye duka la mkate lililofungwa. Zilikuwa karatasi tisa mji mzima na zote zilisema vivyo hivyo. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo, lakini sikujua kuwa na jina nalo huondoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Quirino. Ndiye seremala wa majeneza sasa, na ndiye anayepeleka karatasi zikachapwe Sulmona. Nilikuwa na hasira, nikamvamia bila hata salamu.

"Quirino, nani kakwambia mimi ni mtoto wa pekee?"

"Pole na msiba kwanza, Domitilla," akasema, akaweka randa chini. "Baba'ako kaniambia. Alikuja mwaka juzi, akakaa hapohapo uliposimama, akanitamkia neno kwa neno. Nikamuuliza, 'Na Sabatino je?' Akanijibu, 'Wewe seremala, si padri. Piga misumari yako.'"

Ndivyo alivyokuwa. Tangu mwaka sitini na moja, tulipokupelekea simu kwamba mama amefariki nawe hukuja, alisema mara moja tu, mezani, "Asiyemzika mama yake hana baba." Hakulitaja jina lako tena. Mimi nilimwambia meli huchukua wiki mbili na nusu, na maiti haingoji wiki mbili na nusu. Akaniambia nimsogezee chumvi.

Desturi ya mazishi unaijua: mtoto wa kwanza wa kiume hushika jeneza mbele, upande wa kulia. Walipatikana wanaume watano, na mdogo wao ana miaka sitini na tatu. Walisimama mlangoni wakitazamana, mbele kulia pako wazi. Basi ikawaje? Akaja dereva wa basi, jamaa wa bondeni ambaye baba hakuwahi hata kumsalimu. Akavua kofia, akasema, "Mama, mimi sina abiria mpaka saa kumi. Nionyesheni pa kushika."

Wakamwonyesha pako.

Katika ngazi za Mtakatifu Rocco walitua mara tatu. Mara ya pili mzee mmoja akapiga ubao kwa kiganja, akasema, "Berardino, maisha yako yote ulikula kama ndege, uzito huu umeutoa wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka, na katikati ya kucheka nikaliona bega la yule kijana limebonyea chini ya jeneza. Kicheko kikanikauka.

Sasa nakuja penye aibu yangu. Ningeweza kuiruka, usingejua kamwe. Tulipomaliza kuzika, Bi Nunziata alinishika mkono pale pale kaburini. Akasema, "Pole, mwanangu. Umebaki peke yako sasa. Na yule kaka'ako, Sabatino, alikufa mwaka gani vile? Kila Novemba namwombea pamoja na wangu, ila tarehe siijui."

Nikasema, "Zamani, Bi Nunziata."

Nilikuwa nimechoka, upepo unanipiga machoni, na niliona aibu kusema kwamba sijui. Sababu ni hizo tu, na ukizipima hazifiki hata ratili moja. Nilikuua kwa neno moja mbele ya kaburi la baba na mama, na watu wakatikisa vichwa na kuniambia pole.

Kwa kuwa nyumba ya msiba haiwashi moto, Bi Nunziata alinipeleka kwake nile. Aliniwekea supu ya kuku na mkate. Nikakiweka kijiko chini.

"Bi Nunziata, nimekudanganya. Sijui kama Sabatino amekufa."

Akaacha kukata mkate. "Hujui?"

"Sijui. Miaka sita hajaandika."

"Mmetoka tumbo moja, Domitilla, na hujui?"

"Sijui."

"Yaani mimi na magoti yangu haya nimekuwa nikimwombea rehema mtu ambaye labda saa hizi anakula chakula chake? Dhambi hiyo ni ya nani sasa, yangu au yako?"

"Yangu," nikamwambia.

Akanisogezea bakuli. "Kula. Dhambi haishibishi."

Sabatino, mimi nawe tunajua kimya chako kilianzia wapi. Katika barua yako ya mwisho uliniuliza jambo moja: "Je, baba huwa ananiulizia?" Nikakujibu kwa mstari mmoja kwamba hapana, hakuulizii. Ulikuwa ukweli. Lakini kuna ukweli ambao mtu mwenye akili hukaa nao wiki moja kabla ya kuutia katika bahasha, na mimi niliupeleka posta asubuhi yake. Tangu hapo nimekuandikia barua kumi na nne. Hakuna iliyorudi na hakuna iliyojibiwa. Nimewauliza watu wetu waliorejea kutoka huko, kila mmoja ana lake: mmoja alikuona bandarini, mwingine alisikia umehamia milimani, wa tatu alitazama chini na kuanza kuzungumzia bei ya nyama. Huyo wa tatu ndiye anayeninyima usingizi.

Saa kumi kasoro robo Quirino alinisindikiza kituoni. Tulisimama mbele ya ile karatasi.

"Kuna karatasi ya siku ya thelathini," akasema. "Hiyo mzee hakuiachia maagizo, maneno ni yako. Uniletee mapema, Sulmona wanataka tarehe kumi. Sasa niambie, Sabatino nimweke wapi? Juu au chini?"

Dereva akapiga honi.

"Sikukwambia yote asubuhi," Quirino akaendelea. "Ulikuja na moto, nikaogopa. Mwaka juzi, mzee alipokataa kukuwekea kaka'ako chini, mimi nilitaka kumsaidia. Nikamwambia, basi tumweke juu na marehemu mama'ake, watu wasiulizeulize. Domitilla, mzee alipiga meza yangu kwa fimbo mpaka misumari ikaruka. Akasema, 'Huko juu usimguse! Umesikia? Huko usimguse!' Halafu akanigeuzia mgongo. Nilidhani ameudhika. Kumbe alikuwa analia."

Nilipanda basi bila kumuaga. Nililia mpaka bondeni, na yule dereva, Mungu ambariki, hakunitazama kwenye kioo hata mara moja.

Kwa hiyo, kaka, nalirudia swali lako la miaka sita na kulijibu upya. Baba hakuwa anakuulizia. Ila hakukubali ufe. Alikuwa mkaidi kuliko nyumbu, hakuwa na uwezo wa kukusogeza upande wa walio hai kwa kinywa chake mwenyewe, lakini upande ule mwingine aliulinda kwa fimbo. Laiti ningeyajua, haya ndiyo ningeyatia katika ile bahasha.

Siku ya thelathini itakuwa tarehe kumi na tano Desemba. Quirino anangoja mpaka tarehe kumi. Barua hii itachukua siku kumi ikienda vizuri, kwa hiyo usijibu kwa barua, piga simu ya maandishi. Neno moja latosha. Usijali gharama wala sababu, na wala sikuombi uje.

Na kama anayesoma haya si Sabatino, kama ni wewe Belkis, au jirani, au yeyote aliyeshika vitu vyake, nakuomba kwa jina la Mungu uniambie ukweli, hata ukiwa ni ule ninaouogopa. Uniandikie na tarehe, kwa ajili ya Bi Nunziata.

Nisalimie Belkis. Nisalimie mtoto, ambaye kwa hesabu yangu ana miaka kumi na moja, na mwambie ana shangazi mwenye mdomo mrefu anayetaka kumwona. Ovidio anakusalimu. Marisa naye anakusalimu, ameniuliza unafananaje nikamwambia ajitazame kwenye kioo, masikio ni hayohayo. Bi Nunziata hakutoa salamu. Alisema hatoi mpaka ajue anampelekea nani.

Mungu akulinde popote ulipo, na mama akuombee, yeye aliyekusamehe kabla hujakosa.

Nimekwisha kumpelekea Quirino maneno kwa barua, isipokuwa jina moja. Nimemwambia aache nafasi chini, kati ya walio hai, mbele ya jina langu kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, na asiijaze wala asiifute mpaka tarehe kumi. Kama una hasira nami, nakubali, unayo haki. Nitumie hasira hiyo. Niite mpumbavu, niite msaliti, niite lolote ulilokuwa ukiniita nilipokuvunjia kombeo lako. Nitukane, Sabatino, nitashangilia barabarani, maana maiti hatukani.

Mimi dada yako mdogo, niliyekukana Ijumaa na ninayekupenda siku zote,

Domitilla