Salamu Kwanza, Mkondo Baadaye

Jumamosi, mwezi wa tano. Mvua iliyotunyeshea tangu juzi imekatika asubuhi, na sasa kuna jua la kinafiki linalojifanya halikuhusika. Nimeketi jikoni kwangu hapa Falls Church, taulo kichwani, viatu vyangu vimeegemezwa dirishani vikauke. Viwiko vyangu vyote viwili vimechubuka. Moyoni nina dharau, na sijatafuta neno la upole zaidi.

Nawadharau wanakundi wenzangu.

Kundi lenyewe liko WhatsApp, na ni la Waafrika Mashariki wa maeneo haya ya Washington wanaopenda kupiga kasia kwenye ule mfereji wa zamani unaofuatana na Potomac. Nasema wanaopenda, sisemi wanaopiga. Wengi wao huja Georgetown mara moja kwa mwaka, hukodi mtumbwi, hupigwa picha wakiwa wamelishika kasia kama mwiko wa ugali, kisha huenda kula kuku. Kuna kaka mmoja wa Eldoret aliyenunua mtumbwi mpya akaufunga juu ya gari, na mpaka leo hajaufungua. Huenda nao kazini, huenda nao kanisani. Mtumbwi ule umehudhuria ibada nyingi kuliko baadhi ya mashemasi.

Lakini kanuni tunazo! Mkuu wa kundi ni Mzee Kahema, Mtanzania, mtu wa kompyuta, anayeandika kwa herufi kubwa tupu. Yeye ndiye aliyetutungia adabu za majini. Picha za kaptula ni marufuku, maana wakwe wamo kundini. Ukiwa mferejini, simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji na isitolewe. Mitumbwi miwili ikikutana, mdogo kwa umri ndiye anayepisha. Mwaka jana wazee wawili walikutana pale mfereji unapobana, kila mmoja akamngoja mwenzake apishe, na wakiwa bado wanaulizana nani alimaliza darasa la saba kwanza, wote wawili wakaingia matopeni. Nilicheka mpaka nikashika mti.

Na kanuni iliyo juu ya zote ni salamu. Hakuna kuandika lolote kundini kabla ya kusalimia, na kusalimia kwenyewe si "habari zenu" tu. Wazee wapewe shikamoo yao, familia ziulizwe hali, Mungu ashukuriwe kwa kutuamsha. Mimi nimekulia Nakuru, ambako shikamoo tuliisoma vitabuni tukaiacha humohumo. Kila ninapoiandika nahisi kama nimevaa sare ya shule.

Basi kwa nini nisijitoe? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Nakaa kwa sababu ya maji, maana wiki nzima nauguza watu, na pale mferejini hakuna anayenibonyezea kengele. Nakaa pia kwa sababu ya Furaha.

Furaha ni Mkongomani, ametoka pande za Uvira, anaishi Manassas na binti yake Neema, mtoto wa miaka kumi ambaye huulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye makao yao. Ana mtumbwi wake mwenyewe, wa kijani, mkuukuu, alioupata kwa jirani aliyekuwa anahama. Katika kundi zima, yeye ndiye anayefuata kanuni zote kwa moyo mweupe. Kila asubuhi husalimia watu kwa majina, mmoja mmoja, na wengi hawamjibu. Mimi huniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa sidhani kama namzidi umri.

Leo asubuhi nilikwenda kutembea kwa miguu kando ya mfereji, sikuwa na mpango wa kuingia majini. Mvua ilikuwa imeujaza mpaka maji yanalamba nyasi. Nilipofika kwenye mlango wa pembeni, ule wa kupunguzia maji yakizidi, nikaukuta umefunguliwa, kama inavyopasa baada ya mvua kubwa. Maji ya mfereji, ambayo siku zote yamelala, yalikuwa yanakwenda. Yalikuwa yanapinda kuelekea pale mlangoni na kuingia kwa ngurumo. Tawi zima la mti lilipita mbele yangu, likageuka, likanyonywa.

Nikatoa simu nikaandika kundini: "Leo msitie mtumbwi majini. Mlango wa kutolea maji umefunguliwa, mkondo unavuta. Rudini nyumbani."

Sikusalimia. Nyumba ikishika moto hupigi hodi.

Mzee Kahema alijibu kabla sijarudisha simu mfukoni. "DADA WAMBUI, HAPA TUNASALIMIANA KWANZA. HATUVAMII WATU KAMA POLISI. NAUFUTA UJUMBE HUU, UUANDIKE UPYA KWA ADABU." Na kweli akaufuta. Wakamiminika waliokuwa kimya mwezi mzima. Mmoja akasema adabu haiuzwi dukani. Kijana mmoja anayekaa mtaa wa Shaw, Mkenya mwenzangu, akaandika: "Aki Wambui umeamka na kisirani. Si hata ungesema tu niaje?" Yakafuata maua ya waridi yanayometameta, vikombe vya chai vyenye moshi, na "Asubuhi njema yenye kibali."

Nikaandika tena: "Mzee, watu watakufa."

Hapo ndipo nilipowajua vizuri. "Ushindwe!" "Nairudisha hiyo roho ya mauti ilikotoka!" "Dada, ulimi una nguvu, usitutamkie mabaya." "Hatufi!" "Amina." "Amina na amina." Mzee akaufuta na huo, akaandika kwamba lugha ya laana haina nafasi katika familia yetu. Nimewahi kuona watu wakikataa dawa, nimewahi kuona watu wakikataa upasuaji. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona watu wakikemea maji ya mfereji kupitia simu.

Na katikati ya zile amina, ukaingia ujumbe wa Furaha.

"Jambo sana ba mama na ba papa wote. Tumelamuka muzuri, aksanti kwa Mungu. Miye na Neema tuko naingia kwa maji sasa. Mubarikiwe."

Nilimpigia. Simu ikalia, ikalia, ikakata. Bila shaka ilikuwa mfukoni imefungwa, kama kanuni inavyotaka. Nilijua anapoegesha gari lake, ni juu kidogo, na maji yalikuwa yanatoka huko kuja kwangu. Nikaanza kukimbia. Mimi si mtu wa kukimbia. Mbwa walinibwekea, baiskeli zikanipigia kengele, na kichwani nilikuwa namtukana Mzee Kahema kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Niliwaona wakitokea penye kona. Mtumbwi wa kijani ulikuwa unakuja kasi kuliko mikono yao ilivyokuwa inapiga. Neema alikuwa mbele, anacheka, anadhani mama yake ameongeza nguvu. Nikapiga kelele: "Njooni ukingoni! Upande wangu! Sasa hivi!"

Furaha aliponiona uso wake ukafunguka wote. Akaliweka kasia magotini. Naapa mbele ya Mungu, aliliweka kasia magotini, akainua mkono, akaanza: "Jambo sana yaya! Habari ya asubui? Habari ya nyumba?"

"Piga kasia!" nikamwambia. "Achana na habari, piga kasia!"

Nikaona ameumia. Kwa kitambo kidogo alinitazama kama mtu aliyetemewa mate, na mtumbwi ukanipita. Alipotambua nilichokuwa nasema, mkondo ulikuwa umeshaukamata. Ukageuka ubavu, ukateleza kuelekea mlangoni, ukagonga nguzo ya zege iliyo kando ya mlango na kuganda pale, maji yakiupanda.

Nilirudi mbio hadi mlangoni, nikalala kifudifudi ukingoni. Nilimpata Neema kwa ule mkanda wa mabegani wa jaketi lake la kujiokolea, nikavuta, naye akapanda juu yangu kama paka. Mama yake sikumfikia. Alikuwa ameikumbatia nguzo, maji kifuani. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitembea na mbwa alifungua kamba ya mbwa wake bila kuniuliza kitu, akaitupa, Furaha akaishika mara ya pili. Tukamvuta wawili, mbwa akizunguka anabweka. Alipotoka tu, mtumbwi ukajikunja katikati ukaingia mlangoni. Mlio wake bado nausikia.

Mimi na yule mzee hatukuwahi kujuana majina. Alitikisa kichwa, akamfunga mbwa wake, akaenda zake. Hakuwa amesalimia.

Niliwapeleka kwenye gari langu, nikawasha joto mpaka mwisho. Neema alilala palepale, kama watoto wanavyofanya baada ya hofu. Furaha alikuwa anatetemeka hadi kiti kinalia. Akafungua mfuko wake, akatoa simu, kavu kabisa, akaanza kuandika. Nikajisemea, vizuri, wape vidonge vyao. Nilikuwa tayari kumsaidia maneno.

Nikachungulia. Alikuwa anaomba msamaha. "Pardon ba papa na ba mama, sikujibu salamu zenu zote, tulipata shida kidogo kwa maji."

Shida kidogo.

Nilimuuliza kwa ukali, na najuta ukali ule, anawaomba msamaha watu hawa kwa lipi. Akaendelea kutazama simu. "Kule kazini hakuna mutu ananisalimia, yaya," akasema. "Wale ninawaogesha, ninawalisha, banasahau jina yangu. Ba chef, bakubwa ba kazi, nao banaita tu nambari ya chumba. Hapa hata mutu mumoja akiandika 'umelamuka je', miye naona niko mutu."

 Nimefanya kazi kwenye wodi miaka mingi, na najua ni mara ngapi nimempita mtu kama Furaha koridoni, nikamwambia tu chumba kipi kinahitaji shuka. Lakini dharau yangu haikupungua, na sitajifanya ilipungua. Ilizidi. Kwa sababu huyu mtu anaomba chakula, na wale wanampa maua ya waridi yanayometameta.

Niliwafikisha Manassas. Niliporudi nyumbani nikafungua kundi. Habari ilikuwa imeshawafikia, na Mzee Kahema alikuwa kazini. "MUNGU WETU SI ATHUMANI! AMEMWOKOA DADA YETU NA MTOTO!" Hakuna aliyeuliza amemwokoa na nini. Hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na onyo. Kaka wa Eldoret aliuliza kama ule mtumbwi wa kijani unaweza kutengenezeka. Halafu Mzee akatangaza kwamba kesho, baada ya ibada, kundi zima likutane mferejini kwa maombi ya shukrani. Na yatafanywa majini, kila mwenye mtumbwi aje nao, watoto wavae meupe. Wakaitikia kama watu walioitwa harusini. Hata kaka wa Eldoret amesema kesho anaufungua.

Mlango wa maji bado uko wazi. Mvua inarudi usiku. Maji hayashuki kwa sababu watu wamevaa meupe.

Kisha nikakuta ujumbe mwingine wa Mzee, safari hii pembeni, kwangu peke yangu. Anasema amenisamehe kama baba, lakini wazee wamechukizwa, na nikiandika tena bila adabu ataniondoa.

 Ningependa sana kuondolewa. Ningepika chai nikasherehekea. Lakini nikiondolewa, kesho nani atawaambia?

Kwa hiyo nimeandika. Adabu yao nimeimeza kama kwinini. "Shikamooni wazee wangu wote. Kaka na dada zangu, hamjambo? Familia zinaendeleaje? Namshukuru Mungu aliyetuamsha salama." Nikawataja wazee kwa majina, nikampongeza Mzee Kahema kwa uongozi wake, nikawaulizia wagonjwa, nikawaombea wasafiri. Ilikuwa ndefu kama mahubiri. Na chini kabisa nikaweka lile lile la asubuhi: mlango umefunguliwa, mkondo unavuta, maombi yafanywe nchi kavu, msiingie majini.

Majibu yamefurika. "MARAHABA MWANANGU! UMEONA SASA ILIVYO VIZURI?" "Dada umetubariki." "Salamu tamu kama hizi ndizo tunazotaka." Kijana wa Shaw: "Wambui umeokoka, hii ni testimony!" Waridi, chai, waridi. Nimepitia yote hadi macho yameniuma, nikitafuta mtu mmoja aliyetaja maji.

Nimempata mmoja. Aliniandikia pembeni. "Yaya, nimesoma mupaka chini. Niko nawaambia mumoja mumoja, lakini banasema niache woga."

Mmoja, na yeye hana mtumbwi tena.

Sijui kama wapumbavu wanastahili kuokolewa. Leo sina nguvu ya kulijibu swali hilo, na pengine si langu. Ninalojua ni kwamba wakitoka kanisani kesho, na mitumbwi yao, na watoto wao weupe pepe, watanikuta nimeshasimama pale mlangoni.

Nitabeba kamba.