Siku Uliporuka Kwenye Lori

Kaka Deo,

Shikamoo. Hiyo ipokee kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa tu. Kwa udereva, wewe ndiye unayepaswa kuniamkia.

Picha yako ya Sauzi ilifika, ile uliyoegemea lori jeupe ukiwa na miwani myeusi kama fundi wa kuchomelea. Mama ameiweka sebuleni pembeni ya Mtakatifu Yosefu, na watu wa jumuiya wakija kusali sijui siku hizi wanamwomba nani kati yenu. Sema ukweli, hilo lori unaliendesha au uliliomba la kupigia picha?

Kaseti uliyoturekodia nayo tumeisikiliza mpaka betri za redio zimelegea. Mama alitaka irudishwe pale unapomsalimia, baba pale unapotaja wingi wa tairi. Mimi niliirudisha pale unaposema tajiri wako anatafuta dereva wa pili, safari za mpaka Kongo, mmoja anashika usukani na mwenzake analala kwenye kitanda nyuma ya viti, kwa zamu. Ukasema, "Mleteni mdogo wangu. Sitaki mtu mwingine."

Basi hapa kwetu Uru nzima inajua naondoka. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini leo walimu wangu wananisimamisha njiani kuniuliza pasipoti inapatikanaje. Kahawa haina bei, wenzangu wanang'oa mibuni wapande nyanya, mimi nakwenda kuendesha gari lenye kitanda. Jumatatu kuna lori la mtu wa Sanya Juu linaelekea Tunduma mpakani, nimepata nafasi. Begi liko tayari.

Ila sina raha, Kaka. Kila nikikifikiria hicho kitanda, nakumbuka ni nani atakuwa kwenye usukani.

Unaikumbuka ile siku tunapandisha saruji na lori la baba. Masika, barabara imekuwa sabuni. Uliniachia usukani nijifunze, wewe ukakaa pembeni na gogo la kuzuia tairi miguuni, kama baba alivyotuagiza: gari likishindwa kupanda, wa pembeni anaruka na gogo, analisukumia nyuma ya tairi. Mimi nilikuwa naimba. Ukaniambia, "Dogo, acha mbwembwe, shika gia." Mara injini ikazima, breki zikakataa, gari likaanza kurudi nyuma kuelekea korongoni.

Ukafungua mlango, ukaruka. Nikasubiri kusikia tairi likigonga gogo. Halikugonga. Nikatupa jicho chini: gogo lilikuwa pale pale ulipokuwa umeweka miguu.

Sijui niliukataje usukani. Najua kishindo cha ule ukingo wa migomba, mifuko ya saruji ikipasuka nyuma, halafu kimya. Suruali yangu ilikuwa imelowa na haikuwa mvua. Hapo nakuruhusu ucheke, mara moja. Ulipofika dirishani ulikuwa na matope mpaka kwenye kope, unaniuliza kama niko mzima. Watu walikuwa wanashuka mbio kutoka juu. Nikalisukuma lile gogo nje kwa mguu, likaangukia karibu na tairi. Uliniona.

Jioni mama akapika mtori wa ndizi na nyama, bakuli la kwanza likawa lako. Mpaka leo baba akiwa na wenzake kwenye pombe ya mbege lazima aisimulie: mdogo ana mikono, lakini mkubwa ndiye aliyeruka na gogo. Ananigeukia nithibitishe. Namjibu, "Ndiyo mzee, aliruka." Si uongo. Uliruka.

Nimekutania kwa kila kitu, Kaka. Mguu wako mzito kwenye klachi, yule binti wa kwaya aliyekukimbia, masikio hayo. Hilo moja sikuligusa. Nilidhani limekwisha, kumbe ni kwa vile tangu siku ile hatukupanda tena gari moja, mimi na wewe. Ulikuwa na sababu kila mara. Nami nilikuwa na zangu.

Usiniombe msamaha. Kuogopa hata mimi niliogopa, tofauti ni kwamba nilikuwa na kitu cha kushikilia. Wala baba sitamwambia. Mwache na hadithi yake, anaipenda kuliko hata alivyolipenda lile lori. Mama aliniuliza mbona sifurahi, nikamdanganya kuwa nawaza baridi ya huko. Sasa ananifumia sweta, na kila uzi unanichoma.

Jumatatu nitapanda. Barua hii anatangulia nayo dereva anayeondoka Alhamisi, makusudi, ili ikufikie kabla yangu. Nikifika kwenye yadi yenu nitakusalimia kwa heshima mbele ya tajiri, nitalizunguka gari na kupiga tairi teke kama mtu anayejua kazi. Halafu, kabla begi halijaingia ndani, nitakuuliza neno moja tu.

Siku nimelala huko nyuma, na gari likakushinda mteremkoni, utaniamsha kwanza, au nitaamshwa na mlango ukifunguka?

Usijibu haraka, maana haraka sitaiamini. Niangalie usoni. Ukiniambia kweli, hata ikiwa mbaya, napanda, na tutapanga nani alale wapi na lini. Ukinitungia, nageuka na lori la kwanza linalorudi Tunduma, na huku nyumbani nitasema Sauzi hainifai.

Baki salama mpaka nifike.

Ni mimi, mdogo wako.