Tangu Ije Kompyuta ya Pili, Keshia Hanitazami Tena

Dada mshauri, shikamoo, naomba usinicheke maana hata kuandika kwenyewe najikaza. Mimi ni mpakiaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, shule niliishia njiani, na mbele za watu maneno hunikaukia mdomoni. Zamani bosi akitaka ripoti ya mauzo anaiuliza kompyuta ile ile ya kaunta, basi inaganda, foleni inajaa, na keshia hana la kufanya, ndipo ananigeukia nimesimama na masinki yangu ananiambia, "Haya kaka, nipe stori," na mimi huyu huyu naongea kama redio. Sasa fundi kaleta kompyuta ya pili, inanakili kila kitu cha ile ya kwanza, bosi anaiuliza hiyo maripoti yake yote, kaunta inateleza kama sabuni, na dada yule siku nzima hata hanitazami. Lakini hiyo nakala inachelewa kidogo kupata mauzo mapya, juzi bosi kaiangalia akamwahidi mteja beseni la mwisho, kumbe limeshauzwa na liko juu ya gari, bosi kakasirika, anataka turudi kwenye ile moja, na kesho kwenye kikao atatuuliza wafanyakazi. Wenzangu wamegawanyika nusu kwa nusu, wananisubiri mimi niseme niko upande gani. Nikisema turudi nazipata stori zangu, ila nimeona pia kompyuta ikiganda wateja wanamtukana keshia. Nifanyeje?

Mpakiaji wa Masinki

Marahaba mdogo wangu. Nilikuonea huruma mpaka nilipofika mwisho wa barua, hapo hasira zikanipanda. Yaani foleni nzima imrushie maneno dada wa watu ili wewe upate wa kupiga naye stori?

Kikaoni sema hivi, hata kama unaangalia meza: "Bosi, nakala ibaki. Mauzo ya jana na ya mwezi mzima iulize hiyo. Ukitaka kujua beseni lipo sasa hivi, muulize keshia, swali dogo hivyo haliigandishi kaunta." Halafu kaa chini.

Na hujiulizi? Foleni yote ile ya watu, yeye akakugeukia wewe. Hiyo si kazi ya kompyuta. Jioni akishafunga kaunta mfuate mwenyewe, usimtume mtu, mwambie una stori na ungependa kumsindikiza. Akikubali, tembea taratibu. Akikataa, mtakie usiku mwema, na asubuhi ukapakie masinki bila kununa.