Sehemu ya Hadithi Niliyoikata

Bulwa, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Naitanguliza mapema, maana ukishasikia yaliyomo humu sijui kama utaitikia. Habari za hapo Rangwi? Mguu wako unaendeleaje, na maharage yamepona ile baridi? Mimi mwili mzima, nakula, kazi naenda. Agnesi, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, funga mlango kwanza. Barua hii usimpe katekista aisome kwa sauti yake ile ya kanisani. Na usiruke neno lolote kwa kunionea huruma.

Mama, huku wananipenda kwa sababu ya hadithi zako. Nimewekwa darini kwenye kiwanda cha chai, tunapotandaza majani mabichi yanyauke kabla hayajasagwa. Ni kazi ya mikono, kichwa hakina shughuli, basi nikaanza kuwasimulia ngano za kwetu. Tena mchana kweupe, na wewe ulitukataza tangu wadogo, ukisema anayesimulia mchana huota mkia. Wenzangu niliwaambia hilo, wakawa wananikagua nyuma kila asubuhi. Tulicheka sana siku hizo.

Waliyoipenda kuliko zote ni ile ya Mpasuamwitu na zimwi la kivukoni. Unavyoijua: zimwi limekula watu wa kijiji usingizini, kijana anakwenda kwake akijifanya mgeni, anapewa chakula, anapewa kitanda, na zimwi likishalala analikata kichwa. Hapo darini watu walipiga makofi mpaka nyapara akapanda kuangalia kuna nini. Nami nilikuwa naishia hapo. Ile sehemu yako ya mwisho niliikata. Mwanzoni niliisimulia mara moja, nikaona watu wanainuka kwenda kunywa uji. Tangu hapo nikamrudisha kijana nyumbani kwa ngoma na vigelegele, yakaisha.

Mtu mmoja tu aliniuliza swali. Ni Mzee Rajabu, mpishi wa uji wetu, mtu wa Tanga, mpole.

"Karoli," akasema, "zimwi lako linamvizia mtu aliyelala. Na kijana wako naye anamvizia aliyelala, tena keshakula chakula chake. Tofauti yao ni nini?"

Nikamjibu, "Tofauti ni kwamba huyu ni wetu, Mzee."

Dari nzima ikacheka. Yeye alichukua sufuria yake akashuka. Nilijiona nina akili siku ile, Mama.

Baada ya hapo vitu vikaanza kupotea kambini. Kuku, blanketi, halafu unga wa posho ghalani. Mwizi hakuna aliyemwona, na kwa kuwa masikio yalikuwa yamejaa hadithi yangu, watu wakamwita zimwi. Zimwi limepita leo, zimwi limekula kuku wa fulani. Kila mtu anajua nyapara mwenyewe hutoa unga ghalani akampelekea hawara yake, na tunamwita Bwana Nyapara. Lakini yule tusiyemjua alikuwa zimwi, na mimi ndiye niliyewapa jina hilo.

Asubuhi moja tukielekea kuitwa majina, ukungu mzito hata miche ya chai huioni, tukasikia kelele kutoka ghalani. Mtu alikuwa ametoka dirishani na mfuko wa unga. Tukamfukuza. Mimi nina mbio, unajua, nikawaacha wenzangu nyuma. Alipofika kwenye mfereji aliteleza akaanguka, akakaa kitako kwenye tope, akainua mikono yote miwili. Unga ulikuwa umemwagika kifuani pake.

Akaniambia, "Basi, ndugu yangu. Basi."

Nilikuwa na mpini wa jembe niliouokota pale ghalani. Nikampiga kichwani.

Nilimpiga mara moja. Wenzangu wakinitetea husema hivyo, "Karoli alipiga mara moja tu." Lakini alikuwa amekwisha kuinua mikono, na nilimwona, na hakukuwa na mtu mwingine karibu. Sikupiga kwa hofu, wala kwa hasira. Nilipiga kwa sababu nilisikia wenzangu wanakuja, nikataka wanikute nimemaliza. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata padri alipopita nikaungama. Kwake nilisema, "Nilipigana."

Walipofika wakanibeba mabegani. Mpasuamwitu, Mpasuamwitu, wakaimba. Meneja Mzungu alitoa mbuzi. Lakini kwanza nyapara alituamuru wanne tumpeleke yule mtu zahanati kwa machela, nami nikawa mmoja wao. Njiani aliomba maji, nikampa kwa kikombe changu. Alikunywa kidogo. Alasiri akafa, na jioni nikala mbuzi. Askari walikuja wakauliza nani alimpiga, na kila mtu akasema kulikuwa na ukungu. Mimi pia nilisema kulikuwa na ukungu.

Siku chache baadaye ikajulikana ni mtu wa Magoma, jina lake Hemedi. Meneja akasema shati lake na viatu vyake vipelekwe kwao. Akatumwa Mzee Rajabu, na mimi nikaambiwa nimsindikize. Nilitamani kukataa, ila ningetoa sababu gani?

Mama, nilitegemea kukuta nyumba ya mwizi. Sijui nilifikiri nyumba ya mwizi ikoje. Nilikuta kibanda kimefagiliwa, mahindi yaliyokauka shambani kabla ya kubeba, na mkewe Hemedi, mwanamke wa umri wa Agnesi, amevaa kaniki ya msiba, maana habari za kifo zilikuwa zimeshamfikia. Blanketi lililopotea kambini lilikuwa limeanikwa uani. Alipokea shati, akalikunja, akaliweka mapajani. Hakulia mbele yetu. Akauliza, "Alikuwa peke yake alipokufa?"

Mzee Rajabu akasema, "Hapana, mwanangu. Huyu hapa alimbeba. Ndiye aliyempa maji."

Kisha Mzee akaniangalia. Nami nikaangalia viatu vyangu.

Yule mwanamke aliinuka akaja kunishika mikono yote miwili. "Mungu akulipe, kaka," akasema. Kisha akaingia jikoni. Akatupikia bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya kisamvu, akanawisha mikono yangu kwa maji ya kata, huku ananimiminia taratibu kama mgeni wa heshima. Na mimi nikala. Nilimega tonge la kwanza, nikasema litanikaba. Halikunikaba. Nikala mpaka nikashiba, nikashukuru.

Tukiwa njiani kurudi nilimkasirikia Mzee Rajabu. Nikamuuliza kwa nini aliyataja maji, na yeye anajua habari yote.

Akasema, "Nilisimulia nikaishia kwenye maji, ili wewe umalizie. Si wewe ndiye bingwa wa hadithi?"

Akatangulia mbele, nikamfuata mpaka Bulwa.

Sasa ile sehemu niliyoikata hainitoki kichwani, Mama. Nakuona umekaa na ungo mapajani, unapukuchua mahindi, sisi tumeshaanza kuinuka kwa kuwa zimwi limekufa, nawe unatuambia kaeni, haijaisha. Mpasuamwitu anafika kwao na kichwa cha zimwi, na mama yake anasimama mlangoni, hampishi. "Zimwi nalo lina mama. Umeshamwambia?" Kijana anasema bado. "Basi hapa huingii." Anakaa upenuni, anasukumiwa chakula kwa upawa wa mpini mrefu, mpaka atakaporudi kivukoni na kumwambia mama wa zimwi, mimi ndiye. Nilikuwa nakuuliza, wewe Mama, uko upande wa nani? Ulikuwa unacheka tu. Nilidhani ni sehemu ya kuwalaza watoto.

Siandiki haya ili unifariji. Usimwambie mtu kwamba Karoli wako alipotoshwa na wenzake, maana najua ndivyo utakavyotaka kusema. Sikupotoshwa. Na kijana wa ngano yako angalau hakula kwa mama wa zimwi kabla ya kusema. Mimi nilikula kwanza, nikaondoka na shukrani zake. Naona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu duniani, na hata kukuandikia hivi naona aibu.

Kipande changu, ile kadi ya siku za kazi, kimebaki siku nne kujaa, halafu narudi nyumbani. Ningeweza kupanda lori nikazungukia Korogwe. Nitapita kwa miguu, na njia ya miguu inapita Magoma. Nitamwambia yule mwanamke kwamba mtu wa maji na mtu wa mpini ni mmoja. Akiita watu wanipige, au akinipeleka kwa askari, nitakwenda, na kukawia kwangu mtakuelewa. Naogopa, Mama. Barua hii namkabidhi dereva wa lori ili itangulie, kwa kuwa najifahamu. Ulimi ulionishinda mara moja unaweza kunishinda tena.

Mnisalimie baba mdogo wa mizinga, mwambieni asali yake nilikula peke yangu bila kumgawia mtu. Msalimieni shangazi mjane wa kule bondeni, na baba yangu wa ubatizo. Bibi mkunga naye msalimieni, ila hizi habari msimpe, kwake zitafika sokoni kabla ya jua kuzama. Agnesi, ahsante kwa kusoma mpaka hapa.

Nikifika mtaniona kutoka mbali, kwenye ule mteremko wa kanisa. Msinikimbilie. Mkiniona nimekuja nikakaa upenuni, bila kubisha hodi, jueni nimeshasema, na Mama unipe chakula hapo hapo kwa upawa, mpaka wewe mwenyewe utakaponiita ndani. Lakini mkiniona nimeingia moja kwa moja, nacheka, nauliza kuna nini cha kula, basi Mama, simama mlangoni.

Mimi mwanao,
Karoli