Maharage Yote

Ijumaa, 3 Mei

Mama,

Msimamizi wa chumba cha kushonea ametangaza leo, akiwa amesimama juu ya kiti, kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 13 chakula cha kantini kitakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Asiyetaka aandike barua ya kukataa. Nimeandika. Chumba kizima ni mimi peke yangu.

Shikamoo. Najua salamu hutangulia, lakini leo hasira imepita mbele. Sisi wazima. Mjukuu wako kang'oka jino la mbele, sasa akiongea anapiga mluzi. Magoti yako yanasemaje?

Msimamizi huyo, Bwana Kengele (tunamwita hivyo kwa sababu kengele ya zamu haimtoki mkononi), aliisoma barua yangu kwa sauti mbele ya watu. "Huyu ikifika Jumatano atakuwa anakula nyuzi!" Wakacheka. Nikamjibu kwamba nyuzi nazo ni za kiwanda, nazo angezikata kwenye mshahara. Wakacheka zaidi.

Hali ni hii: nikishalipa kodi ya chumba, kinachobaki kinatosha mimi nile kantini mchana, au mimi na mtoto tule nyumbani wiki nzima. Vyote viwili havipatikani. Nipangie wiki. Nina jiko moja la mkaa na sufuria mbili, friji sina. Nikishindwa, itabidi nikamwombe Bwana Kengele aichane ile barua, na hilo silifanyi hata kwa viboko.

Mwanao


Jumanne, 7 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi, nikishuka yananyamaza. Mwambie mpiga mluzi bibi anamsalimu.

Umefanya vizuri kukataa. Sasa sikiliza.

Sokoni nenda Jumapili jioni, wauzaji wakianza kukunja maturubai. Usiulize bei ya nyanya nzuri. Chukua zilizopondeka, unazipika siku hiyohiyo ziwe rojo. Maharage usinunue, nimempa dereva wa lori la vitunguu kiroba akuletee. Loweka yote Jumapili usiku, chemsha Jumatatu alfajiri. Usitie chumvi wala kitunguu. Kila siku unachota ya siku hiyo tu ndiyo unayaunga, yanayobaki unayachemsha asubuhi na jioni, hayatachacha; na rojo vivyo hivyo.

Jumatatu na Jumanne maharage kwa wali. Jumatano yaponde na viazi. Alhamisi dagaa na kabichi, tumbo lipumzike. Ijumaa mayai mawili ndani ya rojo ya nyanya, mtoto apewe zaidi. Jumamosi kilichobaki chochote, na usiwe na aibu nacho.

Mkaa uzime kwa maji, uanike. Kesho unawaka tena.

Mama yako


Ijumaa, 17 Mei

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima na tumeshiba. Tumeshiba kupita kiasi.

Uliandika loweka yote. Nililoweka yote. Mambo ya jikoni mimi sibishani na wewe. Kile kiroba, Mama, kingelisha bweni! Usiku yakavimba, yakajaza ndoo, beseni la kufulia, na beseni la kumwogeshea mjukuu wako. Alfajiri nikamwamsha mama mwenye nyumba kuazima sufuria yake ya matanga. Akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia bado.

Yakishalowana hayarudi nyuma, nami friji sina. Basi Jumatatu nikabeba ndoo ya kuazima yenye mfuniko hadi kazini. Mchana nikakaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, nikamwita dada wa pasi. Naye akawaita wa vifungo. Bwana Kengele akatoka: "Umefungua hoteli?" Dada wa pasi akamjibu, "Hoteli wanalipa, bosi. Karibu sahani." Akarudi ndani.

Jumanne mmoja kaja na mchele, mwingine vitunguu, mwingine kabichi nzima kama kabeba mtoto. Mpango wako ukabaki uleule, ila umekuwa wa watu kumi na wanne. Leo wote wameandika barua za kukataa kantini. Kantini ni ya shemeji yake meneja, kwa hiyo jioni likabandikwa tangazo: chakula cha nje marufuku getini. Na mimi nimeitwa kwa meneja Jumatatu.

Hivi wewe ulikosea, au ulikusudia?

Mwanao


Jumanne, 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilikosea. Miaka yote ile nikipika shuleni nilimwambia msaidizi "loweka yote", mkono ukaandika wenyewe. Kile kiroba kilikuwa cha miezi miwili. Lakini siombi radhi. Kumpikia mtu mmoja sijui, sijawahi kujua. Baba yako aliishi akila viporo. Watu kumi na wanne, hao nawajua.

Mkuu wa shule aliwahi kuniambia nizidishe maji kwenye maharage. Nikampa upawa, nikamwambia asimame dirishani agawe mwenyewe. Aligawa sahani tatu, akakumbuka ana simu ofisini.

Geti ni lao. Kivuli cha ukuta upande wa nje si chao. Kaa nje.

Meneja alisemaje? Naandika na sijui kama una kazi. Kiroba kingine kiko kwa dereva.

Mama yako


Alhamisi, 30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilisimamishwa wiki nzima bila malipo. Meneja alinisogezea ile barua yangu niifute: kazi au ndoo. Nikamwambia kazi naipenda, ndoo nimeazima, siwezi kuitolea uamuzi. Hakucheka.

Wiki ile nilipika nyumbani, mchana naibeba ndoo hadi kwenye kivuli, upande wa nje. Walinzi walinitazama siku mbili, siku ya tatu wakaleta sahani. Dada wa pasi anasema ndani kantini imepika na kumwaga. Chumba cha ukataji nacho kimeandika barua.

Jana nimerudishwa kwenye cherehani yangu. Bwana Kengele alikuja na karatasi, akaongea kwa sauti ndogo nisiyoijua: meneja anataka kukaa nasi kuzungumzia makato, na anaomba ndoo isiletwe siku hiyo, kwa heshima ya kikao.

Nimemwambia kikao tutakuja wote, na chakula ni baada ya kikao, palepale nje.

Kikao ni Jumatatu, tarehe 3 Juni, saa tano. Kiroba nimekipokea. Jumapili usiku naloweka, yote.

Mwanao