Yule Bwana wa Mpakani Hana Kosa

Kizwite,
S.L.P. 214,
Sumbawanga.
19 Juni 1994

Mpendwa mdogo wangu Bertilla,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Mbala? Shemeji Zenon mgongo wake unamwendeaje na baridi hii? Sisi tu wazima. Wifi yako Coleta anakohoa kidogo, ni vumbi la kupepeta ulezi tu.

Ulezi umekubali mwaka huu. Mahindi ndiyo yametuangusha.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeandika kwamba ulimkuta yule bwana wa uhamiaji mpakani, ukamwambia mbele za watu kuwa ndiye aliyemnyima mama kumwona mwanawe, naye mtu wa watu akakuomba radhi. Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea kusoma. Coleta akaniuliza nina nini, nikasema moshi.

Bertilla, bwana yule hana kosa. Alipoona ujumbe wako wa ugonjwa wa mama aligonga mhuri hata sijakaa, akaniambia, "Wahi, mzee." Niliwadanganya.

Siku ile tulitoka alfajiri na Masalu, yule Msukuma wa ng'ombe aliyenipa lifti. Tangu biashara iwe ruksa hashikiki: pikapu, redio ya kaseti, sasa na kamera. Tulipopita Matai milima ikafunguka, kijani hadi macho yanachoka, na mimi na uzee huu sijawahi kuyaona maporomoko ya Kalambo. Masalu akasema tukate kona mara moja. Wa kukataa nilikuwa mimi, na sikukataa. Nikajiambia, mara ngapi tumeitwa mama yu mahututi, tukifika tunamkuta anakula ugali? Tulikaa pale saa tatu nzima. Tukala ndizi, tukapiga picha.

Nafika kwako saa kumi, mama amekata roho saa nane. Ukanieleza alivyokuwa akiuliza, "Gabriel bado?" Mkanizunguka kunipa pole, ulimi ukateleza nikasema tulizuiwa mpakani. Hapana, haukuteleza, nisijitetee. Nilisema kwa makusudi.

Naona aibu, mdogo wangu, aibu ya kuficha uso. Tangu siku hiyo sijapokea komunyo. Watu wakipanda mbele mimi nabaki kwenye benchi, Coleta anadhani ni magoti.

Kwa yule bwana nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi. Kwako ndiko sijui nitaingiaje. Siku ya kumwekea mama msalaba, ukisema auweke Zenon na mimi nisivuke, sitavuka wala sitanung'unika.

Nisalimie Zenon, na shangazi Otilia mwambie shikamoo yangu. Ukiona vema msomee barua hii, maana naye alinililia. Mungu awatunze kuliko nilivyowatunza mimi.

Ni mimi kaka yako, nakupenda hata kama leo hutaki kusikia neno hilo,
Gabriel

N.B. Masalu ameniletea picha juzi. Naiweka humu, maana ikibaki kwangu nitaichoma. Nimesimama mbele ya maji, nacheka. Ilikuwa saa sita mchana. Mama alikuwa bado yu hai, ananiulizia.