Mguu Sawa Ufukweni

Baba, salamu hizi zikukute hapo Mbuya umeshakunywa chai, na lile goti limetulia.

Mji huu wa wavuvi wa Kijapani ni mwembamba: mbele bahari, nyuma mlima. Ninajifunza kukausha samaki kwa mabibi wanne. Samaki tunawapasua, tunawachovya kwenye maji ya chumvi, tunawaanika. Ni kama mukene wetu, wale dagaa wa ziwani, ila hawa wamefunguliwa kama kitabu.

Siku ya kwanza, saa kumi na moja jioni, vipaza sauti vya mji vikapiga muziki. Mimi mtoto wa kambi ya jeshi nikajua bendera inashushwa! Nikasimama mguu sawa, kidevu juu, samaki mkononi. Peke yangu. Mabibi walicheka mpaka wakafuta machozi.

Kisha aliye mkubwa wao akanionyesha jiwe kule mlimani, akanieleza polepole ili nielewe. "Zamani bahari ilipanda mpaka pale. Ndiyo maana nyumba tunazijenga juu zaidi ya jiwe lile. Muziki huu ni wa kupima vipaza sauti, ili bahari ikija tena tusikie."

"Basi mimi nitakuwa nasimama," nikamwambia.

Jana niliinamia beseni la chumvi, nikasahau saa. Muziki ukaanza. Kuinua kichwa, mabibi wote wanne wamesimama mguu sawa, visu ubavuni, wananisubiri mimi.

Viwiko vyao havijanyooka, Baba, lakini ungewapenda. Mbusu Mama. Na tafadhali, usiwaambie wanajeshi wenzako kwamba aliyechelewa ni binti yako,

Akello